Tojo alinyongwa, Hirohito akabaki kwenye kasri lake: ilikuwaje?

Tarehe 31 Desemba 1947, katika jengo la iliyokuwa Wizara ya Vita huko Ichigaya, Tokyo, mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokuwa ikiwashtaki viongozi wa Japani kwa makosa ya Vita vya Pili vya Dunia, wakili mmoja wa utetezi alimuuliza Jenerali Hideki Tojo swali lililoonekana jepesi. Wakili huyo alikuwa akimtetea Koichi Kido, mshauri wa karibu wa Mfalme Hirohito enzi za vita. Alitaka kujua kama Kido aliwahi kufanya lolote kinyume na nia ya Mfalme ya kutaka amani. Tojo, ambaye ndiye aliyekuwa waziri mkuu ndege za Japani ziliposhambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, Desemba 1941, alijibu kama askari wa zamani: hakuna raia wa Japani anayeweza kwenda kinyume na matakwa ya Mfalme, sembuse ofisa mkubwa wa serikali.

Jaji William Webb wa Australia, rais wa mahakama, alilidaka jibu hilo palepale na kuwatanabahisha waliokuwepo kwamba lina uzito wake. Na kweli lilikuwa nalo. Kama hakuna aliyethubutu kumpinga Mfalme, basi vita vilianzaje bila ridhaa yake?

Hapo ndipo likatokea jambo la ajabu. Mwendesha mashtaka mkuu, Joseph Keenan wa Marekani, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwatia hatiani viongozi wa Japani, hakufurahia ushahidi huo hata kidogo. Badala ya kuuchimba zaidi, watu wa kati walitumwa wamfikie Tojo mahabusu wamshawishi arekebishe maneno yake. Tarehe 6 Januari 1948 Tojo akarudi kizimbani, Keenan akamuuliza upya, naye akasema kinachotakiwa: Mfalme alikubali vita shingo upande, kwa ushauri wake yeye Tojo na wakuu wa majeshi, na moyo wake ulibaki kwenye amani hadi dakika ya mwisho. Nijuavyo mimi, ni nadra sana kuona mwendesha mashtaka na mshtakiwa wakishirikiana hivyo kumwokoa mtu ambaye hata mahakamani hayupo.

Sababu inaanzia miaka miwili nyuma. Tarehe 15 Agosti 1945 Wajapani walisikia sauti ya Mfalme wao redioni kwa mara ya kwanza, ikitoka kwenye sahani ya santuri iliyorekodiwa usiku uliotangulia. Hakulitaja neno kushindwa. Alisema tu kwamba hali ya vita haikugeuka kuwa ya manufaa kwa Japani, na hayo yakatosha: mamilioni ya askari, nyumbani na ng'ambo, wakaweka silaha chini. Jenerali Douglas MacArthur, aliyekuja kuitawala Japani kwa niaba ya Mataifa Washirika, aliona faida yake. Mtu mwenye sauti kama ile ni afadhali awe upande wako kuliko awe gerezani.

Mwezi uliofuata, Septemba 27, Hirohito alikwenda kumwona kwenye ubalozi wa Marekani. Picha waliyopigwa siku hiyo inaeleza mengi. Mfalme, mfupi, amevaa suti rasmi ya sherehe, amesimama wima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. MacArthur, mrefu, hana tai, kola iko wazi, mikono kiunoni. Serikali ya Japani ilijaribu kuyazuia magazeti yasiichapishe, Wamarekani wakaamuru ichapwe. Ujumbe ulikuwa mmoja tu: Mfalme yupo, ila mwenye nyumba ni mwingine.

Australia ilitaka Hirohito awe kwenye orodha ya watuhumiwa. Januari 25, 1946, MacArthur aliandikia Washington kwamba hakupata ushahidi dhidi yake, kisha akaongeza la kutisha: wakimshtaki, Japani itachafuka, naye atahitaji askari wasiopungua milioni moja kuituliza kwa miaka isiyojulikana. Serikali iliyokuwa ikiwarudisha vijana wake nyumbani ingejibu nini? Machi mwaka huohuo msaidizi wake, Bonner Fellers, alikutana na Admeri Mitsumasa Yonai, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini la Japani, na kumweleza waziwazi kwamba ingefaa Wajapani wenyewe waonyeshe kuwa Mfalme hana hatia, na kwamba lawama yote abebeshwe Tojo. Tojo naye hakukataa mzigo. Alipokuja kukamatwa Septemba 1945 alijipiga risasi kifuani, ikakosa moyo, madaktari wa Kimarekani wakamtibu akapona. Tangu hapo alionekana kama mtu aliyebakiza kazi moja duniani, ya kumkinga bwana wake.

Basi kesi ikaendeshwa hivyo. Majaji 11 kutoka nchi 11, washtakiwa 28. Wawili walifariki kesi ikiendelea. Mwingine, Shumei Okawa, aliyekuwa amekaa nyuma ya Tojo, alikichapa kofi kipara cha Tojo siku ya kwanza, Mei 3, 1946, na baadaye akaondolewa kwa ugonjwa wa akili. Waliobaki 25 wote walikutwa na hatia Novemba 1948, na saba wakahukumiwa kunyongwa. Jaji Radhabinod Pal wa India alipinga hukumu nzima akitaka wote waachiwe. Webb, katika maoni yake binafsi, alilirudia lilelile: vita vilihitaji idhini ya Mfalme, na kama hakuvitaka angeinyima. Aliyeweza kuvisimamisha Agosti 1945 hawezi kuitwa sanamu la mapambo.

Mmoja wa wale saba, Heitaro Kimura, ana uhusiano na kwetu. Ndiye aliyeongoza majeshi ya Japani huko Burma (Myanmar ya leo, Bama kwa wazee wetu) kuanzia 1944, wakati vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) au keya kama wazee walivyowaita, walipokuwa wakisonga mbele kwenye matope ya bonde la Kabaw. Mtu ambaye babu yake alikuwa akisimulia vita vya Bama huenda babu huyo alikuwa akimsimulia Kimura bila kumtaja jina.

Hati ya mashtaka ilikabidhiwa Aprili 29, 1946, siku ya kuzaliwa ya Hirohito. Kitanzi kilivutwa Desemba 23, 1948, siku ya kuzaliwa ya mrithi wake, Akihito. Majivu ya walionyongwa yalimwagwa na Wamarekani baharini ili pasiwe na kaburi la kuhiji. Kesho yake Nobusuke Kishi, aliyekuwa waziri katika baraza la Tojo lililotangaza vita, alitoka gereza la Sugamo bila kufunguliwa mashtaka. Kufikia 1957 alikuwa waziri mkuu.

Hirohito aliendelea kutawala, sasa akiwa alama tu ya taifa kwa mujibu wa katiba mpya ya 1947, hadi alipofariki Januari 7, 1989. Mara moja aliulizwa hadharani. Ilikuwa Oktoba 31, 1975, ametoka ziara ya Marekani, na mwandishi wa habari mmoja akataka kujua anaonaje kuhusu dhamana yake katika vita. Mfalme alijibu kwamba hizo ni tamathali za usemi, naye hakusomea sana mambo ya fasihi, kwa hiyo hawezi kulijibu swali hilo vizuri.