Escadrille Lafayette ni kikosi gani hasa?

Escadrille Lafayette kilikuwa kikosi kimoja cha ndege za kivita katika jeshi la Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho marubani wake wengi walikuwa Wamarekani waliojitolea kabla nchi yao haijaingia vitani. Maana yake ni hiyo tu. Tatizo huanza pale jina hilo linapobandikwa kwa kila Mmarekani aliyewahi kurusha ndege ya Kifaransa, na hasa pale Eugene Bullard, rubani mweusi kutoka Columbus, Georgia, anapotajwa kuwa mmoja wao. Hakuwa.

Kikosi hicho kilianzishwa Aprili 1916 huko Luxeuil, karibu na milima ya Vosges, kikiwa na Wamarekani saba. Kamanda wake, Kapteni Georges Thenault, alikuwa Mfaransa, na msaidizi wake vilevile. Jeshi lilikitambua kwa namba: N 124, ambapo 124 ni kikosi chenyewe na herufi ni aina ya ndege, yaani Nieuport. Kilipopewa ndege za SPAD kikaandikwa Spa 124, ingawa watu walikuwa walewale. Nieuport 11 za mwanzo zilikuwa na bunduki rashasha moja iliyofungwa juu ya bawa la juu ili risasi zipite juu ya propela, na mkebe wake wa risasi 47 ulipokwisha, rubani alilazimika kuubadilisha hukohuko hewani, upepo ukimpiga.

Mwanzoni kiliitwa Escadrille Américaine. Ujerumani ikalalamika kwa Marekani, ambayo wakati huo haikuwa upande wowote, na kufikia Desemba 1916 jina likawa Lafayette, kwa heshima ya mkabaila wa Kifaransa aliyepigana bega kwa bega na Wamarekani walipokuwa wakidai uhuru kutoka Uingereza. Jina hilo jipya likavuma, na simba wawili waliofugwa kambini, Whiskey na Soda, nao wakalipamba zaidi. Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa, kwa sababu waliojitolea walizidi nafasi: kikosi cha aina hiyo kilichukua marubani kumi na kitu kwa wakati mmoja, na hadi mwisho wake Wamarekani 38 tu ndio waliopita katika namba 124. Wengine wote walitawanywa katika vikosi vya kawaida vya Ufaransa, wakila na kuruka pamoja na Wafaransa. Wote kwa ujumla wao, zaidi ya 200, ndio waliokuja kuitwa Lafayette Flying Corps, jina ambalo halikuwa la kikosi hata kidogo. Halikuwa na kamanda vitani, wala uwanja, wala ndege. Lilikuwa orodha ya watu.

Bullard yumo katika orodha hiyo. Alianza katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa, yaani lile la wageni wanaoipigania Ufaransa, akahamia Rejimenti ya 170 ya askari wa miguu, akajeruhiwa Verdun mwaka 1916, akapata leseni ya urubani Mei 1917, na kati ya Agosti na Novemba mwaka huo akaruka na vikosi namba 93 na namba 85. Marekani ilipoanza kuwachukua marubani wake waliokuwa chini ya Ufaransa, yeye aliomba na hakuchukuliwa, na Januari 1918 alikuwa amekwisha kurudishwa katika rejimenti yake ya zamani. Mwezi uliofuata Escadrille Lafayette ikavunjwa, na kutokana nayo kikaundwa Kikosi cha 103 cha jeshi hilohilo la Marekani lililomkataa. Anayemweka Bullard katika namba 124 bila shaka anakusudia kumpa heshima, lakini anamwingiza kwa kalamu katika kikosi ambacho mlango wake uliwapeleka wenzake moja kwa moja kwenye jeshi lililomfungia yeye nje, na msomaji hapati tena sababu ya kuuliza kwa nini alifungiwa.

Basi ingefaa kuandika kwamba Bullard alikuwa rubani wa Ufaransa katika vikosi namba 93 na 85, na anayependa kulitumia jina la Lafayette amtaje chini ya Lafayette Flying Corps, huku Escadrille wakiachiwa wale 38 na Wafaransa waliowaongoza.