Mpapatiko wa Atria: Dalili Zinapokuja, Zinapotoweka na Zinapojificha

Katika kliniki ya moyo huwa namwomba mgonjwa agonge meza kwa kidole, afuatishe jinsi anavyousikia moyo wake unapomsumbua. Wapo wanaogonga kwa kasi lakini kwa mpangilio, kama cherehani. Mwenye mpapatiko wa atria hugonga harakaharaka, husita, hugonga mara mbili, kisha husita tena, na mara nyingi hushangaa mwenyewe kwamba hajui pigo linalofuata litakuja lini.

Katika maradhi haya vyumba viwili vya juu vya moyo, yaani atria, huacha kujikaza kwa pamoja na badala yake hutetemeka ovyo, kwa kuwa umeme unaopita ndani yake umepoteza mwelekeo. Sehemu tu ya umeme huo hupenya hadi vyumba vya chini, tena bila utaratibu, na hivyo mapigo, ambayo kwa mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, yanaweza kufika 150 au zaidi.

Wengi hudhani kwamba dalili yake ni moyo kwenda mbio, basi. Kumbe wanaougua kwa miaka mara nyingi hulalamikia uchovu ambao hata usingizi hauuondoi, pamoja na kuishiwa pumzi. Mtu hupanda ngazi, akasimama katikati, akashika ukuta na kujifanya anatafuta funguo mfukoni. Baada ya miezi kadhaa haipandi tena ngazi hiyo. Na kwa kuwa haipandi, pumzi haimwishi, naye hutuambia kwa moyo mweupe kwamba amepata nafuu. Ndiyo maana kumwuliza mgonjwa kama anachoka hakutoshi. Ninamwuliza ni jambo gani alilifanya mwaka jana ambalo mwaka huu ameliacha.

Mwanzoni maradhi huja kwa vipindi vinavyoanza ghafla na kukoma vyenyewe ndani ya siku 7. Yakipita siku hizo bila kukoma huhesabiwa kuwa ya kudumu zaidi, na matibabu yake hupangwa upya. Kuna ambao moyo huwavuruga usiku wakiwa wamelala, au baada ya mlo mzito au pombe. Wengine hupatwa wakati wa kazi ngumu. Baadhi hukojoa sana kipindi kinapoendelea, jambo ambalo wachache hulihusisha na moyo ingawa chanzo chake ni homoni inayotolewa na atria zenyewe zinapotanuka. Kizunguzungu kikali au kuzimia kunaweza kutokea hasa pale kipindi kinapokoma, kwa sababu moyo husimama kwa sekunde kadhaa kabla ya kushika mwendo wake wa kawaida. Andika saa, muda, na ulichokuwa ukifanya: daftari la namna hiyo hutusaidia sana.

Hata hivyo daftari haliwezi kunasa kila kitu. Vipimo vinavyorekodi moyo kwa siku nyingi huonyesha kwamba mtu yuleyule anaweza kuhisi kipindi kimoja na asihisi kingine kabisa, na wapo wasiohisi chochote tangu mwanzo. Hili ndilo linalonitia hofu, kwa kuwa maradhi haya huongeza hatari ya kiharusi takribani mara 5, damu ikituama na kuganda katika kifuko kidogo cha atria ya kushoto. Hatari hiyo haipimwi kwa ukali wa dalili. Tunaipima kwa umri, shinikizo la damu, kisukari, moyo kushindwa kufanya kazi na historia ya kiharusi. Tafadhali usiache dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu tu moyo umetulia mwezi mzima.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Mapigo yakienda bila mpangilio wowote, omba kipimo cha ECG, yaani kinachorekodi umeme wa moyo, hata kama hujisikii vibaya. Ukipata maumivu ya kifua, ukizimia, mdomo ukienda upande, maneno yakikwama au mkono ukilegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama mkono umerudisha nguvu baada ya dakika chache.