Panki ya mtaani na maana ya rekodi mbichi

Panki ya mtaani ni tawi la muziki wa panki (punk), yaani roki ya kasi na makelele, lililochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970. Panki ya kwanza ilikuwa imeshaingia mikononi mwa kampuni kubwa za rekodi na maduka ya mitindo, na vijana wa familia za wafanyakazi wakaona hawamo tena ndani yake. Cockney Rejects wa mashariki mwa London, Sham 69 na The Exploited wa Edinburgh waliimba habari za ajira, polisi, mpira na ngumi, kwa lafudhi za kwao, wakiweka viitikio ambavyo ukumbi mzima ungeweza kuvipokea hata kama ndiyo mara ya kwanza kuvisikia. Gitaa linakwaruza, ngoma zinakimbia, kodi, yaani noti za gitaa zinazopigwa pamoja, ni tatu au nne, na wimbo huisha kabla hujakaa vizuri.

Wapenzi wa muziki huu wakiisifu rekodi kwamba ni mbichi, wana maana mahususi. Wanamuziki wameingia studio wakapiga pamoja, kama wanavyopiga jukwaani, badala ya kila mmoja kurekodiwa peke yake na kupangwa juu ya mwenzake baadaye. Ngoma zinavujia kwenye maikrofoni ya gitaa. Sauti ya mwimbaji haikuongezwa mwangwi wala kurudiwa mara mbili ili ionekane nene. Kasi inapanda kadiri wimbo unavyoendelea kwa sababu mpiga ngoma amepandwa na mori, na hakuna aliyemrudisha. Chanzo cha kwanza cha ubichi huu ni pesa, maana studio ilikodiwa kwa saa, na bendi isiyo na kitu ililazimika kumaliza albamu nzima kwa muda mfupi. Lakini umaskini peke yake haujawahi kutengeneza rekodi nzuri. Rekodi mbovu huficha wimbo. Iliyo mbichi hukuleta karibu na wimbo kiasi kwamba unasikia mtu anavuta pumzi kabla ya kupiga kelele.

Kwa maoni yangu, mahali pa kuielewa dhana hii kuliko hata London ni ukingo wa kushoto wa mto Nervión, chini kidogo ya Bilbao, kaskazini mwa Hispania. Katika miji ya Barakaldo, Sestao, Portugalete na Santurtzi kulikuwa na matanuru ya chuma, viwanda vya kuunda meli na bandari. Maelfu ya familia zilihamia huko kutoka Galicia, Castilla na Extremadura kufuata kazi, ndiyo maana watoto wao wengi walikulia katika Kihispania ingawa walikuwa ndani ya nchi ya Wabaski, watu wenye lugha yao wenyewe. Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, alikufa Novemba 1975 na demokrasia ikaja. Miaka michache baadaye serikali ikaanza kupunguza na kufunga viwanda vizito, na mwaka 1984 wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Euskalduna mjini Bilbao wakapambana na polisi barabarani kutetea kazi zao. Kijana aliyelelewa akijua atarithi ajira ya baba yake alibaki bila urithi huo. Heroini iliingia mitaani kwa wingi wakati uleule, na nyuma yake UKIMWI.

Hapo ndipo palipotoka Eskorbuto, bendi ya watu watatu kutoka Santurtzi iliyoanzishwa mwaka 1980. Iosu Expósito alipiga gitaa na kuimba, Juan Manuel Suárez, aliyeitwa Jualma, alishika besi na kuimba pia, na Paco Galán alikuwa kwenye ngoma. Santuri yao ndogo ya mwaka 1983 iliitwa Mucha policía, poca diversión, yaani polisi wengi, starehe kidogo. Mwaka huohuo walikamatwa Madrid, wakashikiliwa chini ya sheria ya kupambana na ugaidi kwa sababu ya maneno ya nyimbo zilizokuwa kwenye kanda yao ya majaribio. Walirudi wakiwa na hasira na polisi, na hasira nyingine kwa wanaharakati wa kwao ambao, kwa maelezo ya bendi, waliwatupa mkono. Wimbo waliotunga baadaye kuitukana nchi ya Wabaski yenyewe uliwatenga na wengi waliopaswa kuwa wenzao.

Nalisisitiza hilo kwa sababu watu hudhani panki ya mtaani lazima iwe na itikadi moja. Haina. Uingereza, sehemu ya mkondo huu ilinyemelewa na wabaguzi wa rangi, huku bendi nyingine zikiwapinga waziwazi. Kwa Wabaski, bendi nyingi ziliwekwa chini ya jina la Rock Radical Vasco, yaani roki kali ya Kibaski, lililoenea kuanzia mwaka 1983 na likahusishwa na mrengo wa kushoto wa wazalendo wa Kibaski na upinzani dhidi ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Eskorbuto walilikataa jina hilo. Albamu yao ya mwaka 1986 iliitwa Anti todo, yaani dhidi ya kila kitu, na walimaanisha hivyo: dola, vyama, magereza, wanamapinduzi wa mdomoni, hata matumaini yao wenyewe.

Anayeisikiliza Anti todo akitegemea makelele matupu atashangaa. Nyimbo zake zina melodia zinazonasa. Gitaa la Iosu ni jembamba na kali, halijazi chumba, kwa hiyo besi ya Jualma inabaki wazi na ndiyo mara nyingi inayoubeba wimbo. Waimbaji hao wawili hawafanani: mmoja akiingia baada ya mwenzake unahisi mabishano ya watu wanaopokezana malalamiko barazani. Hakuna aliyewanyoosha walipopinda. Hapo ubichi unafanya kazi yake hasa, kwa sababu maneno ya mtu asiyeona kesho yakisafishwa na kupambwa studio huanza kusikika kama maigizo.

Iweke Anti todo kando ya Salve, albamu ya mwaka 1984 ya La Polla Records kutoka mji mdogo wa Agurain katika jimbo la Álava. Nayo ni panki ya mtaani bila shaka, na jina lake linaikejeli sala ya Kikatoliki kwa Bikira Maria. Lakini mwimbaji wao, Evaristo Páramos, hutamka kila neno wazi, kama mtu anayetaka hata aliye nyuma kabisa aisikie hoja yake, na gitaa linamwachia nafasi. Hao wana adui wanayemwelekezea kidole: kanisa, benki, jeshi. Eskorbuto wanapiga pande zote. Naona hiyo ndiyo sababu La Polla walipata umati mkubwa zaidi, na Eskorbuto wakapata watu wachache wanaowapenda kwa namna isiyopoa.

Lugha ya Kihispania iliwasaidia Eskorbuto na La Polla kuvuka bahari. Hertzainak wa Vitoria waliimba kwa Kibaski na kupendwa sana kwao, lakini Kihispania kilifungua Mexico, Peru, Colombia na Argentina, ambako kanda zilinakiliwa mkono kwa mkono, kila nakala ikiongeza mkwaruzo juu ya mkwaruzo. Vijana wa Lima na Medellín walikuwa na ukosefu wao wa ajira na polisi wao, hawakuhitaji kufafanuliwa chochote. Iosu alifariki Mei 1992 na Jualma Oktoba mwaka huohuo, wote wakiwa wamedhoofishwa na miaka ya heroini. Paco Galán aliendelea na jina la bendi akiwa na wanamuziki wapya, lakini nyimbo zinazoombwa na kuigwa na bendi changa za Amerika ya Kusini ni zile walizopiga watatu hao pamoja.