Kunguni wakionekana, je, godoro litupwe?

Wengi wanaopangisha wanafunzi huamini kwamba kunguni wakionekana chumbani, suluhisho ni kutupa godoro na kununua jipya. Wazo hilo linaeleweka, kwani kitandani ndiko mtu anakoumwa.

Lakini kunguni hawaishi godoroni peke yake. Hujificha kwenye maungio ya kitanda, matundu ya skrubu, nyufa za ukuta, hata nyuma ya soketi, na wakubwa huweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Godoro jipya likiwekwa juu ya kitanda kilekile huvamiwa upya. Tena kuliburuta la zamani koridoni bila kulifunga kwa nailoni huwasambaza vyumba vya jirani, na hilo linaniumiza zaidi, maana anayeteseka ni mwanafunzi asiyehusika.

Chukua tochi ukague mishono ya godoro na maungio ya kitanda: tafuta vidoa vyeusi, magamba yaliyovuliwa na vijiyai vyeupe. Chumba chote kikishughulikiwa vizuri, kitanda kikiwemo, godoro ambalo halijachakaa linaweza kubaki, likivikwa kava la zipu linaloliziba pande zote. La kubadilishwa ni lililobonyea katikati lisiinuke tena, lililochomoza springi, au lililochanika hadi wadudu wakaingia ndani.