Tani ya meli haikuzaliwa kwenye mizani

Katika bandari ya Goma, mtu akisikia kwamba meli fulani ina tani 500, huamini mara moja kwamba huo ndio uzito wake, au uzito wa mzigo inaoweza kubeba. Imani hiyo ni ya siku nyingi na inaeleweka, kwa kuwa sokoni tani ni kilo 1,000. Lakini tani ya hati za usajili wa meli hupima nafasi.

Chanzo chake ni pipa. Wafanyabiashara waliosafirisha mvinyo kutoka Bordeaux kwenda Uingereza katika Zama za Kati walitaja ukubwa wa meli kwa idadi ya mapipa makubwa iliyoweza kupakia, kila moja la lita 950 hivi, na wafalme wakatoza ushuru kwa pipa. Pipa lililojaa lilikaribia uzito wa tani ya leo, ndipo neno moja likabeba maana mbili. Mwaka 1854 sheria ya Uingereza iliifanya tani ya usajili kuwa futi za ujazo 100, yaani meta za ujazo 2.83. Baadaye mkataba wa kimataifa wa 1969 wa upimaji wa meli, ulioanza kutumika 1982, ulibadili kanuni ya hesabu, ila msingi ukabaki ujazo.

Tazama boti mbili za ukubwa mmoja gatini: ya simenti haijajaa hata nusu na tayari maji yanakaribia ukingo, ilhali ya magodoro imejaa hadi juu na bado inaelea kwa wepesi. Kwa hiyo anayedhani tani 50 za hati ni ruhusa ya kupakia kilo 50,000 anahatarisha maisha ya abiria. Kikomo cha mzigo hutazamwa kwa kina ambacho chombo kimezama majini.