Konstelesheni kwenye modulesheni ya dijitali ni kitu gani hasa

Kama umewahi kufungua vitabu vizito vya mawasiliano ya dijitali, vile vya mwaka wa nne au vya masters, unajua hali inavyokuwa: unaingia sura ya modulesheni, yani namna ya kulibebesha wimbi data, unatafuta namna simu inavyorusha sifuri na moja hewani, unakutana na vekta, intigro na alama za kujumlisha, wimbi lenyewe hulioni. Mimi hapo nilikwama muhula mzima, nikawa nakariri fomula tu. Kilichonifungua macho ni konstelesheni, na naona ndo kitu cha kushika kwanza kabla ya vingine vyote.

Neno lenyewe ni la nyota, yani kundi la nyota kama kilimia, na ukiichora kweli inafanana hivyo, nukta nukta kwenye karatasi. Kila nukta ni simboli moja, yani umbo moja la wimbi ambalo mtumaji anaruhusiwa kutuma. Zikiwa nukta 4 kila moja inabeba biti 2, yani sifuri au moja mbili, mpangilio huo ndo unaitwa QPSK. Zikiwa 16 zimepangwa kama gridi ni biti 4, hiyo ni 16-QAM, zikiwa 64 ni biti 6, hiyo ni 64-QAM.

Sasa wimbi linageukaje kuwa nukta? Hapa ndo vitabu vinakimbia sana. Mpokeaji anachukua wimbi lililofika, analizidisha na kosini ya masafa yale yale, anajumlisha matokeo kwa muda wote wa simboli moja, anapata namba moja. Anarudia kwa sini, anapata namba ya pili. Basi, namba mbili, moja ya kwenda kulia au kushoto na nyingine ya kupanda au kushuka, tayari una nukta. Na hazichanganyikani kwa sababu sini ukiizidisha na kosini ukajumlisha kwa mizunguko kamili unapata sifuri. Zile intigro zilizokutisha mwanzoni ndo kuzidisha na kujumlisha huku huku.

Kelele je, yani zile vurugu zinazojichanganya na wimbi njiani? Kelele inaisukuma nukta kidogo kutoka pale ilipotumwa, upande wowote. Tuma nukta ile ile mara elfu, utaona wingu limeizunguka, katikati limeshona na pembeni limepungua. Kazi ya mpokeaji ni kuuliza tu, hii iliyofika iko karibu na nyota ipi? Kama simboli zote zina nafasi sawa ya kutumwa na kelele ni ya kawaida ile ya Gauss, yani inayotoa wingu kama hilo, kuchagua nukta ya karibu ndo uamuzi bora kabisa, hakuna mbinu itakayoushinda. Kosa linatokea pale wingu la nukta moja linapovuka mpaka likaingia kwa jirani.

Kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye umbali kati ya nukta na nukta. Chukua karatasi ya grafu uchore 16-QAM, weka nukta kwenye -3, -1, 1 na 3 pande zote mbili, kokotoa wastani wa nishati, yani umbali kutoka katikati kwa kipeo cha pili, utapata 10. Fanya na 64-QAM, utapata 42. QPSK ya -1 na 1 inakupa 2. Umbali kati ya majirani kote ni 2, lakini nishati imeruka mara 5, halafu mara 21! Yani ukitaka biti nyingi kwa simboli bila kuongeza makosa lazima signo, yani wimbi linalofika, iwe na nguvu zaidi ukilinganisha na kelele, hakuna njia ya mkato.

Ndo maana simu ya 4G ukiwa karibu na mnara inapewa 64-QAM, ukienda mbali inashushwa mpaka QPSK, spidi inapungua ila mazungumzo na mnara hayakatiki. Na dishi la TV, signo yake inatoka setilaiti iliyo juu karibu kilomita 36,000, inafika imechoka, kwa hiyo utakuta QPSK au 8PSK ya nukta 8, wakati king'amuzi cha antena kwa DVB-T2, ule mfumo wa TV ya dijitali inayorushwa na minara, kinaweza kupokea hadi 256-QAM maana mnara uko hapa hapa duniani.

Picha hii ya kulitazama wimbi kama nukta sio ya jana. Kotelnikov, mhandisi wa Kirusi, aliitumia kwenye tasnifu yake kule Moscow mwaka 1947, na Shannon, mwanahisabati wa Marekani, mwaka 1949 akaitumia kuonyesha mwisho wa spidi ya njia yoyote yenye kelele, kwa nafasi yenye pande nyingi mno badala ya mbili.

Kuna kitu kimoja kidogo nakipenda sana. Nukta zinapewa biti kwa mpangilio wa Gray, majirani wanatofautiana biti moja tu, kwa hiyo wingu likivuka mpaka kwenda kwa jirani, kati ya biti 4 za 16-QAM inaharibika moja, tatu zinafika salama.