Mechi ya bowl ni nini?

Katika futiboli ya Kimarekani (ile ya kubeba mpira mikononi, si kandanda) ya vyuo vikuu vya Marekani, bowl ni mechi inayochezwa baada ya msimu wa kawaida kwisha, aghalabu mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, na timu huingia kwa mwaliko. Aliyezoea ligi na makombe ya mtoano huchanganyikiwa hapo, kwa sababu kwa miaka mingi bowl haikuwa fainali ya kitu chochote. Ukishinda, umeshinda siku hiyo, basi.

Ya kwanza ilipigwa Pasadena, California, tarehe 1 Januari 1902. Tangu 1890 mji huo ulikuwa na tamasha la Mwaka Mpya, Tournament of Roses, la kuwaonyesha Wamarekani waliokuwa wakitetemeka kwenye theluji kwamba huku waridi huchanua Januari. Waandaaji walitaka kivutio cha kuongeza umati, wakaialika timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliyotoka mbali kwa treni, ije ikutane na Stanford ya hukohuko California.

Ilikuwa mechi ya upande mmoja. Michigan ya kocha Fielding Yost haikuwa imeruhusu hata pointi moja msimu mzima. Siku zile pasi ya kurusha mpira mbele ilikuwa bado marufuku, kwa hiyo timu ziliukumbatia mpira na kusukumana kwa nguvu za mwili. Neil Snow peke yake aliuvusha mpira mstari wa wapinzani mara 5, kila mara kwa pointi 5 (leo ni 6). Matokeo yalipofika 49–0, zikiwa zimebaki dakika 8, nahodha wa Stanford aliomba mchezo ukomeshwe, na ukakomeshwa.

Futiboli ikawekwa kando hadi 1916, na katikati ya kipindi hicho tamasha likawa na mbio za magari ya kukokotwa na farasi. Kwangu huo ndio ushahidi mkubwa: anayetafuta bingwa habadilishi mpira kwa farasi. Walichotaka ni watu wajae.

Mwaka 1902 jina la bowl halikuwepo. Lilitokana na viwanja vilivyojengwa kama bakuli: Yale Bowl mwaka 1914, kisha Rose Bowl ya Pasadena mwaka 1922. Mechi ya Pasadena ikachukua jina la uwanja wake, na miji mingine yenye jua ikaiga: Miami na Orange Bowl, New Orleans na Sugar Bowl, zote mwaka 1935, halafu Dallas na Cotton Bowl mwaka 1937.

Siku hizi baadhi ya bowl zimeingizwa kwenye mchujo wa ubingwa wa taifa, ulioanza msimu wa 2014. Zamani mambo yalikuwa tofauti kabisa. Orodha ya timu bora ya shirika la habari la AP (Associated Press), inayotokana na kura za waandishi wa habari na ambayo timu ya kwanza huhesabiwa bingwa wake, kwa kawaida ilifungwa kabla bowl hazijachezwa. Alabama ilitangazwa bingwa wa AP wa 1964, kisha tarehe 1 Januari 1965 ikafungwa na Texas 21–17 katika Orange Bowl. Ubingwa wake wa AP ukabaki palepale.